Mipako ya maji inayoivishwa kwa mwanga wa UV: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayojirudia kwa watu wanaounda fomula, wanaopaka na wanaopima mipako hii. Katika ukurasa huu, kukauka ni maji kutoka ndani ya mpako; kuiva ni molekuli kufungana chini ya mwanga wa UV (urujuanimno). Kukauka kunatangulia, kuiva kunafuata. Kasoro nyingi zinazolaumiwa taa, kwa kweli zimetokana na maji yaliyobaki.

## Misingi

1. Ndani ya mpako huu mna nini, na unatofautianaje na vanishi ya maji ya kawaida?

Mna chembe ndogo za polima zilizotawanywa ndani ya maji, mara nyingi poliyurethani iliyobeba vikundi vya akrilati. Chembe hizo huwa na kipenyo cha nanomita 30 hadi 150 hivi, na yabisi yote ni kama 35 hadi 40% ya uzito. Kinachoongezwa ni kianzishi cha mwanga na viungo vidogo vya kuua povu, kutandaza na kurekebisha mnato.

Maji yakitoka, chembe husongamana, hulainika na kuungana kuwa utando mmoja. Vanishi ya maji ya kawaida huishia hapo. Hii ya UV bado ina vifungo maradufu vya akrilati vinavyosubiri. Mwanga ukiupiga utando, vifungo hivyo hushikana na kuwa wavu mmoja mkubwa usioyeyuka. Ndiyo maana kabla ya taa utando hufutika kwa kitambaa chenye asetoni, na baada ya taa haufutiki.

2. Kwa nini unaiva kwa sekunde chache badala ya siku?

Kianzishi hufyonza mwanga na kuvunjika vipande viwili vyenye radikali huru. Radikali moja ikigusa akrilati, huianzishia mnyororo unaoruka kutoka kifungo hadi kifungo bila kuhitaji joto. Kazi kubwa hukamilika katika sehemu ya sekunde.

Mnyororo hukatika pale molekuli zinapokosa nafasi ya kusogea. Utando ukishakuwa mgumu, akrilati zilizobaki hazifikiwi tena. Kwa hiyo utando wenye joto la nyuzi 40 hadi 50 huiva vizuri kuliko ule ule uliopoa. Usiupoze kabla ya taa. Upoze baadaye, kabla ya kupanga vipande juu kwa juu.

3. Kama mwanga ndio unaoivisha, maji ya nini? Kwa nini nisitumie UV isiyo na maji kabisa?

Mpako usio na maji huhitaji monoma nyepesi za akrilati ili upakike. Monoma hizo hunuka, huwasha ngozi, na husababisha mpako kunywea sana unapoiva, jambo linalodhoofisha ushikaji. Polima iliyotawanywa ndani ya maji inaweza kuwa na molekuli kubwa sana na bado mpako ukawa mwepesi wa kupuliza, kwa sababu mnato unategemea chembe na maji, wala si ukubwa wa molekuli. Unapata utando mwembamba, ugumu pamoja na unyumbukaji, na mng'ao unaopunguzwa kirahisi.

Gharama yake ni ukaushaji: nafasi, hewa, joto na muda. Kama mstari wako wa kazi hauna pa kuweka tanuri na hauwezi kusubiri, chagua UV isiyo na maji. Kulazimisha ya maji ipite bila kukauka ni kununua matatizo ya swali la 13 na la 14.

4. Je, jua peke yake linaweza kuivisha?

Linaweza, iwapo kianzishi kinafyonza mwanga unaokaribia kuonekana, kama BAPO (kianzishi cha fosfini oksidi, tazama swali la 6). Lakini jua lina nguvu ndogo kuliko taa, mawingu hubadilisha kila kitu, na oksijeni ya hewa hupata muda wa kutosha kuzuia uso usiive. Litumie kama msaada kwa kazi za nje. Usilitegemee pale ambapo kila kipande lazima kifikie kiwango kile kile.

## Kuunda fomula

5. Nitengeneze polima mwenyewe au ninunue mtawanyiko uliokwisha kutengenezwa?

Nunua kwanza. Tengeneza polima mwenyewe pale tu ambapo una kinachokosekana kwenye ile ya kununua, na una vifaa vya kushika isosianati kwa usalama.

Njia ya kawaida ni hii. Diisosianati kama IPDI (isoforoni diisosianati) humenyuka na polioli pamoja na asidi ya dimethilolpropioniki (DMPA), kwa nyuzi 70 hadi 90. Asidi hiyo, kwa kawaida 3 hadi 6% ya yabisi, ndiyo itakayozishikilia chembe ndani ya maji. Kisha huongezwa akrilati yenye haidroksili ili kufunga baadhi ya ncha. Hapo joto lishushwe, kizuizi cha upolimishaji kama MEHQ kiwemo, na hewa ipitishwe ndani ya mchanganyiko, kwani MEHQ haifanyi kazi bila oksijeni. Wanaofunika kwa nitrojeni ili kulinda isosianati kutokana na unyevu hujikuta wamegandisha chombo kizima.

Baada ya hapo ukali wa asidi huondolewa kwa amini kama triethilamini, mchanganyiko hutawanywa ndani ya maji kwa kasi kubwa, na diamini huongezwa mara moja ili kurefusha minyororo. Diamini hupenda isosianati kuliko akrilati, lakini ikizidi, au joto likipanda, itazila akrilati na utabaki na polima isiyoiva. Ipime kulingana na isosianati iliyobaki kwa titresheni, wala si kwa hesabu ya karatasi.

6. Nichague kianzishi gani, na kwa kiasi gani?

Kwa mpako usio na rangi, anza na 2 hadi 4% ya uzito wa yabisi (si wa mpako wote, kosa hili ni la kila siku). Kisha linganisha kianzishi na taa:

- HMPP ni kimiminika, huchanganyika kirahisi na huivisha uso vizuri chini ya taa ya zebaki. Udhaifu wake ni kwamba sehemu yake huondoka pamoja na mvuke wa maji wakati wa kukausha kwa joto. Fomula inayofanya kazi kwenye hewa ya kawaida inaweza kushindwa ikipita tanuri la nyuzi 60.
- Aina yenye kikundi cha haidroksiethoksi haina harufu kali wala haipeperuki kirahisi, na huyeyuka kidogo ndani ya maji. Inafaa pale joto la kukausha ni kubwa.
- BAPO hufyonza mwanga hadi karibu nanomita 440 na huivisha hadi chini. Hupatikana ikiwa imetawanywa ndani ya maji tayari. Ndiyo msingi wa kazi za LED na za rangi nyeupe.
- TPO hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, lakini mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliiweka kwenye orodha ya kemikali zinazotia wasiwasi mkubwa kwa sababu ya madhara yake kwenye uzazi. Kwa fomula mpya, hatuoni sababu ya kuanza nayo.

Kianzishi kisichopenda maji huhitaji muda wa kuhama kutoka kwenye maji na kuingia ndani ya chembe. Mpako uliochanganywa asubuhi na kujaribiwa saa hiyo hiyo hutoa matokeo ya uongo. Uache usiku kucha.

7. Nipe fomula ya kuanzia na mpangilio wa kuchanganya.

Kwa kilo 100 za vanishi ya mbao yenye mng'ao wa wastani, ya kuivishwa kwa taa ya zebaki:

- Mtawanyiko wa poliyurethani-akrilati, yabisi 40%: kilo 88
- Maji yaliyoondolewa madini: kilo 5.3
- Silika ya kupunguza mng'ao: kilo 2
- Dipropilini glaikoli methili etha: kilo 2
- Kianzishi HMPP: kilo 1.2
- Kiongeza mnato cha aina ya poliyurethani: kilo 0.7
- Kiua povu: kilo 0.4
- Kitandazi cha silikoni: kilo 0.4

Yabisi ya polima ni kilo 35.2, hivyo kianzishi ni kama 3.4% yake.

Weka mtawanyiko kwenye chombo, washa kichanganyio kwa mizunguko 500 hadi 800 kwa dakika, na ongeza nusu ya kiua povu. Changanya kianzishi na glaikoli etha pembeni, kisha mimina taratibu ukingoni mwa mpako unaozunguka. Ukimimina kwa mkupuo, chembe zilizo karibu zitashtuka na kugandamana. Utaona vipunje vidogo vyeupe ambavyo havitayeyuka tena. Nyunyiza silika kwa mizunguko 1,000 hadi 1,500 na uendelee dakika 15. Punguza kasi, weka maji, kitandazi na kiua povu kilichobaki. Kiongeza mnato huja mwisho, kikiwa kimezimuliwa kwa maji kiasi sawa na uzito wake. Maji hayo yatolewe katika zile kilo 5.3.

Pima pH, iwe kati ya 7.5 na 8.5. Chuja kwa kichujio cha mikroni 50 hadi 100, kisha acha saa 24 gizani. Chumba cha kuchanganyia kiwe na taa za njano na madirisha yazibwe.

8. Naweza kuongeza akrilati nyepesi ili mpako uwe mgumu zaidi?

Kwa 5 hadi 10% ya yabisi, ndiyo, ikiwa ni akrilati yenye vikundi vitatu au zaidi na imetawanywa vizuri. Utapata ugumu na ukinzani wa kemikali. Utapoteza vitu viwili: utando hautakuwa mkavu kwa kuguswa kabla ya taa, hivyo vumbi litanata, na kunywea kutaongezeka. Tunaona ni afadhali kuchanganya mitawanyiko miwili, mmoja laini na mmoja mgumu, kuliko kurudisha monoma ambazo maji yalikuja kuziondoa.

9. Povu haliishi. Niongeze kiua povu?

Kwanza angalia kasi na kina cha kichanganyio: kikivuta hewa kutoka juu, hakuna dawa itakayotosha. Angalia pia kitandazi, kwani aina nyingine hutengeneza povu. Kiua povu kikizidi 0.5% huanza kuleta vishimo vya swali la 15. Viputo vidogo vilivyonaswa ndani ya utando ni tatizo la kukausha haraka mno. Soma swali la 10.

## Kukausha na kuivisha

10. Nikaushe kwa muda gani kabla ya taa, na nitajuaje maji yametoka?

Kwa gramu 120 za mpako kwa mita ya mraba, anza na dakika 10 kwa nyuzi 50, hewa ikipita juu ya kipande. Katika chumba cha nyuzi 20 hadi 25 chenye unyevu wa wastani, tegemea dakika 40 hadi 60. Unyevu wa hewa ukipanda, muda unarefuka sana: joto pekee bila kubadilisha hewa ni kuchemsha chumba. Anza na nyuzi 30 hadi 35 kwa dakika chache, kisha panda. Ukianza na joto kali, uso hufunga ngozi na maji hunaswa chini yake.

Usitegemee jicho wala kidole. Utando huwa angavu na mkavu wa kugusa ukiwa bado na maji. Tumia mizani ya gramu 0.01 na bamba la kioo la sentimita 20 kwa 30. Bamba hilo ni mita ya mraba 0.06, hivyo gramu 120 kwa mita ya mraba ni gramu 7.2 za mpako mbichi, na kwa yabisi ya 39% zitabaki kama gramu 2.8. Pitisha bamba kwenye tanuri pamoja na kazi halisi, lipime likitoka, lipime tena baada ya dakika mbili zaidi za joto. Tofauti ikiwa chini ya gramu 0.02, endelea na taa. Usipime kipande cha mbao chenyewe: maji yaliyozama ndani ya mbao yatakudanganya.

11. Taa ya zebaki au ya LED?

Taa ya zebaki hutoa mwanga katika mistari mingi, ikiwemo nanomita 254, 313, 365, 405 na 436. Mawimbi mafupi huivisha uso, marefu huzama chini. Ndiyo inayosamehe makosa ya fomula. Kwa upande mwingine inapasha joto, inahitaji kupata moto kabla ya kazi, nguvu yake hupungua kadiri inavyozeeka, na zebaki yenyewe ni sumu. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unalenga kupunguza matumizi ya zebaki duniani.

LED hutoa ukanda mmoja mwembamba, kwa kawaida 365, 385, 395 au 405. Huwaka papo hapo, haina joto kali na hudumu. Lakini huwezi kubadilisha taa tu ukaacha fomula ilivyo. HMPP karibu haifyonzi kitu kwenye nanomita 395. Ukihamia LED, hamia pia kwenye BAPO au kianzishi kingine kinachofyonza pale, na ujiandae kwa swali la uso, yaani namba 12.

Kuhusu kiasi: mipako mingi isiyo na rangi huiva kwa milijuli 500 hadi 1,000 kwa sentimita ya mraba. Hesabu ni nguvu ya mwanga mara muda. Mkanda ukienda mita 6 kwa dakika, ni sentimita 10 kwa sekunde. Eneo lenye mwanga likiwa na upana wa sentimita 5, kila nukta hupata nusu sekunde. Wastani wa miliwati 800 kwa sentimita ya mraba utatoa milijuli 400 kwa kila mpito, hivyo mipito miwili inatosha kuanzia. Thibitisha kwa radiometa (kipima mwanga), na angalia radiometa hiyo inapima ukanda gani: iliyotengenezwa kwa nanomita 320 hadi 390 itaonyesha kidogo mno chini ya LED ya 395, na utaongeza mwanga usiohitajika.

12. Uso unabaki na unato ingawa chini ni pagumu. Kwa nini?

Ni oksijeni. Hushika radikali huru na kuzigeuza kuwa aina isiyoendeleza mnyororo. Mipako ya maji huathirika kidogo kuliko isiyo na maji kwa sababu utando uliokauka hauruhusu oksijeni kupenya haraka. Tatizo likionekana, mara nyingi ni LED peke yake au taa ya nguvu ndogo.

Jaribu kwa mpangilio huu: ongeza nguvu ya taa badala ya muda, ongeza sehemu ya kianzishi cha uso, weka taa ndogo ya zebaki mwishoni mwa mstari, na mwisho kabisa fikiria kuifukuza hewa kwa nitrojeni. Utando mwembamba chini ya mikroni 10 huumia zaidi, kwa kuwa karibu wote ni uso.

## Kasoro

13. Utando una ukungu mweupe au ubluu. Ni nini?

Karibu kila mara ni maji yaliyofungiwa ndani. Kipande kikiachwa siku mbili mahali pakavu na ukungu ukapungua, umethibitisha. Rudi kwenye swali la 10. Ikiwa hauondoki, chembe hazikuungana vizuri: joto la kukausha lilikuwa chini ya kiwango cha polima hiyo kuunda utando. Ongeza nyuzi kumi, au 1 hadi 2% ya glaikoli etha, ukikumbuka kwamba nayo lazima itoke. Ukungu unaoonekana kwenye mpako wa silika pekee ni silika isiyosambaa.

14. Mpako umeshika vizuri siku ya kwanza, kisha unabanduka kwa vipande. Kwa nini?

Sababu ni tatu. Maji yaliyobaki chini yalizuia utando kugusana na kitako (kitu kinachopakwa). Au mwanga haukufika chini, hasa utando ukiwa mnene au kianzishi kikiwa kingi: kianzishi kilichozidi hufyonza mwanga wote juu na kuacha giza chini. Au utando umeiva kupita kiasi na kunywea kumeuvuta.

Zitenganishe kwa kubandua kipande na kukigusa upande wa chini kwa pamba yenye asetoni. Ukinata, mwanga haukufika. Punguza kianzishi na paka makoti mawili membamba. Ukiwa mgumu na safi, shughulikia maandalizi ya kitako au punguza mwanga.

15. Vishimo vya duara vinajitokeza mara tu baada ya kupuliza.

Kuna kitu chenye mvutano mdogo wa uso: mafuta ya kompresa, silikoni ya glavu, au kiua povu kisichosambaa. Puliza hewa tupu kwenye kioo safi kwa dakika moja. Ukiona ukungu wa mafuta, tatizo ni hewa. Kioo kikiwa safi, paka mpako bila kiua povu kwenye bamba moja na ulinganishe. Ongeza kitandazi kwa 0.1% kwa wakati mmoja, baada ya chanzo kujulikana.

16. Utando una umanjano. Utaondoka?

Umanjano wa BAPO unaotokea mara tu baada ya taa hupungua wenyewe ndani ya siku moja au mbili kwenye mwanga wa kawaida. Umanjano wa benzofenoni pamoja na amini hauondoki, na huzidi. Kwa mbao nyeupe, iepuke jozi hiyo.

17. Koti la pili halishiki kwenye la kwanza.

Koti lililoiva kabisa halina pa kushikwa. Piga msasa namba 320 hadi 400 na ondoa vumbi lote, au liivishe la kwanza nusu tu, kwa milijuli 100 hadi 200, kisha paka la pili. Kwenye mbao fanya vyote viwili: maji ya koti la kwanza husimamisha nyuzi za mbao, na msasa ndio unaozikata.

## Kupima

18. Nitajuaje kwamba umeiva kweli?

Kidole gumba kikikandamizwa na kusokotwa bila kuacha alama ni dalili tu. Fanya pia haya, baada ya saa 24:

Sugua kwa kitambaa chenye MEK (kiyeyushi cha methili ethili ketoni), kwenda na kurudi mara 100, kwa shinikizo lile lile. Utando usipolainika wala kuonyesha kitako, wavu umeshikana. Kwenye uso mweupe, weka tone la pamanganeti ya potasiamu ya 1% kwa dakika tano, kisha futa: doa la kahawia lililokolea linaonyesha vifungo maradufu vilivyobaki. Ushikaji upime kwa kukata miraba na kuvuta utepe kwa kufuata ISO 2409. Kwa mwenye FTIR (kifaa kinachopima mwanga wa infraredi unaofyonzwa), tazama mlima wa akrilati kwenye 810 kwa sentimita (cm⁻¹), ukilinganisha na ule wa kabonili karibu na 1,720, kabla na baada ya taa. Pima juu, kisha bandua upime chini. Tofauti ya pande hizo mbili inakueleza mengi kuliko ugumu wa penseli.

## Hali za pekee

19. Rangi nyeupe na nyeusi zinaivishwaje?

Titani dioksaidi hufyonza karibu mwanga wote ulio chini ya nanomita 400, yaani huupora mwanga kutoka kwa kianzishi. Tumia BAPO na taa ya galiamu au LED ya 395 hadi 405, na usizidishe mikroni 20 hadi 30 za utando mkavu kwa koti. Ongeza kianzishi kidogo cha haidroksiketoni, kama HMPP, kwa ajili ya uso. Nyeusi ya kaboni hufyonza kila kitu. Baki kwenye mikroni 10 hadi 15, au pata weusi kwa kitako kilichotiwa rangi na vanishi angavu juu yake.

20. Kipande kina pembe na mashimo ambako mwanga haufiki.

Zungusha kipande mbele ya taa kadhaa kwanza. Pakibaki na kivuli, ongeza ufungaji wa pili usiotegemea mwanga. Polikabodiimidi kwa 2 hadi 4% hufunga asidi iliyo kwenye polima na hutoa muda mrefu wa kutumia. Isosianati ya kuchanganyika na maji hufunga kwa nguvu zaidi, lakini mchanganyiko hudumu saa chache tu na hutoa viputo vya kaboni dayoksaidi. Sehemu za kivulini zitakuwa laini kuliko zilizoonwa na taa. Usiahidi zaidi ya hapo.

21. Nini hubadilika kwenye plastiki na chuma?

Polietilini na polipropilini hazishiki bila kutayarishwa uso kwa korona, plasma au moto. Tone la maji likijikunja juu ya plastiki badala ya kutandaa, usipake. Polikaboneti hushika vizuri, ila glaikoli etha nyingi inaweza kuipasua. Chuma cha kawaida hupata kutu ya papo kwa papo maji yakiwa bado yamo: ongeza kizuia kutu kinachokubaliana na mtawanyiko, na kausha bila kuchelewa.

22. Kwa kuwa ni wa maji, naweza kuutumia kwenye vifungashio vya chakula?

Maji hayaondoi swali la mabaki ya kianzishi. Mwaka 2005, maziwa ya watoto wachanga yaliondolewa sokoni Italia baada ya kukutwa na ITX, kianzishi kilichotoka kwenye wino wa boksi. Kianzishi kinaweza kupenya, au kuhamia upande wa ndani pale karatasi inapokunjwa kwenye roli. Tumia vianzishi vyenye molekuli kubwa vilivyoruhusiwa, na peleka kifungashio kilichokamilika kwenye kipimo cha uhamaji.

23. Tahadhari zipi ni za lazima?

Akrilati zinaweza kumfanya mtu awe na mzio wa maisha: akishaupata, hata tone dogo humletea vipele. Vaa glavu za nitrili na uzibadilishe zikichafuka. Ukipuliza, vaa kinyago cha kuchuja ukungu. Mpako wa maji nao huingia mapafuni. Usitazame taa, hata mwanga unaoakisiwa na chuma. Taa za zebaki zinazopitisha mawimbi mafupi hutengeneza ozoni, hivyo hewa itolewe nje. Maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe kwenye mtaro. Polima igandishwe na kuchujwa kwanza.

24. Nihifadhi vipi, na mpako ulioganda ndani ya ndoo unaokolewa?

Weka kwenye nyuzi 5 hadi 30, gizani, katika plastiki isiyopitisha mwanga au chuma cha pua. Chuma tupu hutoa kutu ndani ya mpako na kuharakisha kuganda. Acha nafasi ya hewa juu, kwa sababu iliyotajwa kwenye swali la 5. Pima pH kila mwezi.

Ukikuta umeganda, chota kijiko kimoja ukitie kwenye maji mara tano yake na ukoroge. Ukitawanyika wote, pH imeshuka au mnato umepanda tu: rudisha pH kwa dimethilethanolamini iliyozimuliwa hadi 10%, tone kwa tone huku ukikoroga, usivuke 8.5, kwani juu ya hapo akrilati huanza kukatwa na maji. Ukibaki na vipunje vya mchanga, uliganda kwa baridi na hauokolewi. Ukibaki na vipande vya jeli vinavyonyumbuka, polima imeshafungana: toa ndoo hiyo, kisha kagua nyingine za kundi lile lile kwa mkono juu ya ubavu wake, ukitafuta yenye joto kuliko chumba.